Basibasi na kungumanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali tunayoulizwa na wateja wa viungo hapa Marikiti, Mombasa. Mengine huulizwa kaunta ikiwa imejaa watu, mengine kwa simu usiku wa kuamkia harusi, sufuria ishateleka. Karibu yote yanamhusu basibasi na mwenzake kungumanga, maana hiliki na mdalasini hakuna asiyevijua. Hayakupangwa kwa utaratibu wowote. Tafuta lako usome.

Basibasi ni nini hasa?

Ni utando unaoizunguka kokwa ya tunda la mkungumanga. Tunda lenyewe ni la manjano, lina upana wa sentimita 6 hadi 9, na likiiva hupasuka lenyewe mtini mapande mawili. Ndani utaiona kokwa nyeusi inayong'aa, imefungwa na wavu mwekundu wa damu. Wavu ule ndio basibasi. Ukivunja gamba la kokwa, mbegu ya ndani ndiyo kungumanga. Kwa hiyo tunda ni moja na viungo ni viwili, na kila kimoja kina bei yake.

Wavu hubanduliwa kwa mkono taratibu usikatikekatike, ukabapwa, kisha ukaanikwa. Wekundu hauendi mbali: ukikauka hugeuka rangi ya chungwa, na ukikaa zaidi huelekea manjano. Kungumanga yenyewe huchukua wiki 6 hadi 8 kukauka. Wakulima hujua iko tayari kwa kuitikisa karibu na sikio. Mbegu ikicheza ndani ya gamba, wakati wa kuvunja umefika.

Kwani ladha zao si sawa? Siwezi kutumia kimoja mahali pa kingine?

Unaweza, lakini utajua umefanya hivyo. Kungumanga ina utamu na uzito, inataka maziwa, sukari na mayai. Basibasi ni nyepesi zaidi, ina ukali mdogo wa mbali unaokaribia pilipili manga, na harufu yake hupanda mapema. Ndiyo maana basibasi hukaa vizuri kwenye nyama na wali, na kungumanga kwenye vitamu.

Kama huna basibasi na biriani iko motoni, kwaruza kungumanga kidogo sana, theluthi ya kijiko cha chai kwa kilo ya nyama, uitie karibu na mwisho. Ukiitia mwanzo kwa wingi, rojo itanuka keki.

Nikienda dukani niulize nini?

Kwa Waswahili, basibasi. Kwa maduka ya Wahindi utasikia javantri au javitri, na kungumanga wataiita jaifal. Ukikuta mapishi ya Kiingereza yanataja mace, ni hiyo hiyo basibasi. Usiichanganye na bizari, ambalo ni jina lenye vurugu zake: ukivuka Mombasa kwenda Tanga au Unguja, mtu anaweza kukupa manjano ilhali wewe ulitaka ya pilau.

Nimeandika "mace" kwenye simu nikaletewa rungu la Bunge na dawa ya kupuliza machoni. Nimekosea wapi?

Hujakosea popote. Kiingereza kimeyarundika mambo matatu au manne chini ya jina moja, na hayana undugu na sufuria yako.

La kwanza ni rungu la vita, lenye kichwa cha chuma, lililotumika kuvunja kofia za chuma za askari. Kutokana na hilo likaja rungu la heshima, ambalo afisa wa Bunge hulibeba mbele ya Spika, na bila kuwekwa mahali pake kikao hakiendelei. Kenya tunaliita rungu tu. Tanzania wao wanaliita siwa, na hapo mtu wa Pwani hutega sikio, kwa sababu siwa kwetu ni baragumu kubwa la kupulizwa ubavuni, lililotolewa kwa arusi na sherehe za waungwana. Mbili mashuhuri, ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba, ziko Makumbusho ya Lamu. Ukienda Lamu usirudi bila kuziona. Mimi naona Watanzania walichagua vizuri: siwa ilikuwa alama ya mamlaka huku kabla hata Spika wa kwanza hajazaliwa.

Ile dawa ya kopo ni bidhaa iliyobuniwa Marekani mwaka 1965 na Alan Lee Litman, akiwa Pittsburgh. Mwanzo ilikuwa na kemikali ya gesi ya machozi. Baadaye makopo ya namna hiyo yakaja kutumia mafuta ya pilipili kali. Haina basibasi hata chembe. Ukitafuta mapishi, ongeza neno biriani au jaifal, hayo mengine yatakuondokea.

Ninunue nzima au ya unga?

Nzima. Nzima. Hata kama unanunua ya shilingi chache tu.

Basibasi ina mafuta mengi yanayoruka, na hayo mafuta ndiyo harufu. Ikishasagwa huanza kukimbia siku hiyo hiyo, na kwa joto na unyevu wa mji huu haichukui muda. Mfuko wa unga uliokaa rafuni miezi haukupi ila rangi na uchungu kidogo. Tena unga hauna uso. Nzima unaiona kwa macho, huwezi kuchanganyiwa. Ya unga inaweza kutiwa chochote, kuanzia mchele uliosagwa hadi maganda ya kungumanga. Sisi huuza ya unga pia, kwa sababu watu wanaitaka, lakini anayetuuliza tunamwambia hivi hivi.

Nitaijuaje basibasi nzuri?

Chukua kipande ukiweke kiganjani karibu na mwanga. Kizuri kina matawi mapana yaliyoungana chini kwenye kitako kimoja, rangi ya chungwa au manjano iliyokolea, na kimekauka bila kuwa vumbi. Kikunje: kikatike kwa mlio mdogo. Kikipinda bila kukatika, kina maji, na ukikitia chupani kitakuletea ukungu. Kisha bana mahali palipokatika kwa ukucha. Ukucha ukipata unyevu wa mafuta na harufu ikakujia bila ya kuinusa karibu, hiyo nunua. Ukilazimika kuipeleka puani na kufikiri, irudishe.

Jihadhari na ile iliyoiva sana rangi, nyekundu ya kahawia, vipande virefu vyembamba. Mara nyingi hiyo ni ya mti mwingine wa India, Myristica malabarica, ambao Wahindi huiita rampatri. Ni ndugu ya basibasi lakini karibu haina harufu. Si sumu. Tatizo lake ni kwamba unalipia basibasi ukapewa rangi. Wapo wanaoiuza kwa jina lake na bei yake, hao hawana kosa. Wengine huichanganya kilo kwa kilo, na mteja asiyejua huondoka akifurahia kwamba amepata nyekundu kweli kweli.

Mbona ghali hivyo?

Kwa sababu tunda lina kokwa nzito na utando mwepesi. Ukikusanya gunia la kungumanga, basibasi iliyotoka kwenye matunda hayo hayo ni kidogo sana kwa mizani. Ongeza kazi ya kuibandua bila kuivunja. Kuna kisa kinachosimuliwa mpaka leo kwamba wakubwa wa biashara kule Ulaya, walipoona basibasi inaleta faida kuliko kungumanga, waliandika barua kwenye visiwa wakiamuru mikungumanga ipunguzwe na mibasibasi ipandwe kwa wingi. Sijui kama kuna aliyewajibu.

Habari njema ni kwamba hutumii nyingi. Gramu 10 zinaweza kukaa na familia miezi.

Biriani ya kilo moja ya nyama nitie kiasi gani?

Vipande viwili vya wastani, si zaidi. Wengine watakwambia vitano, lakini hao wananunua iliyokwisha harufu.

Suala si wingi, ni wakati. Basibasi hutoa harufu yake kwenye mafuta, haitoi kwenye maji. Pasha samli au mafuta uliyokaangia vitunguu, moto wa kati, utie vipande vizima pamoja na mdalasini, hiliki na karafuu. Viangalie, usiende mbali. Kwanza vitatanuka kidogo, matawi yakifunguka, kisha rangi ya mafuta itabadilika ukingoni ikawa ya dhahabu. Hapo hapo mwaga thomu na tangawizi kupunguza moto. Ukingoja mpaka basibasi ikawa kahawia, itakuwa chungu, na uchungu huo hautoki hata kwa maziwa lala. Baada ya hapo nyama, nyanya, maziwa lala, viazi na safari yako ya kawaida.

Kama unapenda harufu iwe juu ya wali pia, saga robo ya kijiko cha chai pamoja na zafarani na sukari punje chache, ukoroge kwa maziwa ya vuguvugu, unyunyize kwenye wali kabla ya kufunika na kutia makaa juu. Hii ni kazi ya dakika moja na wageni watauliza.

Vipande vizima vitoe kabla ya kupakua. Hakuna anayekufa kwa kuuma basibasi, lakini atanyamaza mezani kwa muda.

Na pilau?

Pilau ya Mombasa haina haja nayo. Ina bizari, pilipili manga, mdalasini, hiliki na karafuu, na hayo yanatosha kuujaza mtaa mzima harufu. Ukitia basibasi utapata pilau inayojifanya biriani. Kuna nyumba zinatia na wenyewe wanapenda, siwezi kuwakataza.

Mchuzi wa samaki na wa kupaka je?

Hapana. Nazi na ukwaju havimtaki.

Chai inafaa?

Inafaa sana, ikiwa ya maziwa. Kipande kidogo kiasi cha kucha, tangawizi iliyopondwa na hiliki mbili kwa vikombe vinne, vichemke na maji kwanza dakika chache, ndipo maziwa na majani. Mafuta ya maziwa ndiyo yanayoishika harufu. Kwenye chai ya rangi ukiichemsha sana hugeuka uchungu, afadhali uiache. Kahawa chungu ya mabarazani ina tangawizi yake, na wazee wa baraza hawajauliza.

Halua na visheti hutiwa basibasi au kungumanga?

Kungumanga, pamoja na hiliki. Halua hupikwa muda mrefu kwa moto mkubwa, mikono haiachi kukoroga, na harufu yoyote ikitiwa mapema hutoka na moshi. Wapishi wa halua huitia mwisho, wakati halua ishaanza kuachana na kuta za karai na samli inajitokeza. Hapo ndipo kungumanga iliyokwaruzwa hunyunyizwa, ikakorogwa mara chache, karai ikateremshwa. Ukipika nyumbani fuata hilo na utaona tofauti.

Kwa visheti, vileja na mkate wa mayai, kwaruza kidogo kwenye unga au kwenye shira. Maandazi na mahamri yana hiliki, yaache hivyo.

Nikisaga kwenye mashine inashikana ikawa kama udongo. Nifanyeje?

Ni mafuta hayo. Ikaushe kwanza kwenye kikaango kilichopata moto kidogo na kuzimwa, ile joto inayobaki inatosha. Iache ipoe kabisa. Kisha saga pamoja na kitu kikavu kilicho kwenye mapishi hayo hayo, kama bizari au giligilani kavu, usisage peke yake. Kwa vitamu saga na sukari. Mashine iwe inasimama na kuendelea, ikipata moto mafuta hutoka. Kinu kidogo cha shaba kinafanya kazi hiyo vizuri kuliko mashine nyingi za siku hizi, ila mkono utachoka.

Niihifadhi vipi?

Chupa ya kioo yenye kifuniko kinachokaza, kabatini, mbali na jiko na dirisha. Nzima hukaa mwaka na zaidi ikiwa na harufu yake. Mfuko wa plastiki hautoshi, harufu hupita na unyevu huingia, na msimu wa masika utaiona imelegea. Usiiweke chupa moja na karafuu: karafuu hairuhusu chochote kinukie karibu yake. Kungumanga nzima ni sugu zaidi, hukaa miaka ikiwa kavu, lakini ikague tundu za wadudu. Kungumanga yenye kijitundu cha sindano tupa.

Kungumanga zangu zina vumbi jeupe. Ni ukungu?

Inawezekana ni chokaa. Tangu zamani kungumanga hutumbukizwa kwenye chokaa kuzuia wadudu. Ifute kwa kitambaa kikavu: chokaa hutoka na chini yake mbegu ni ngumu na safi. Ukungu unanuka uvundo na mbegu huwa laini, na huo usiujaribu.

Ni halali?

Swali hili huja sana Ramadhani, na wengine huuliza kwa kunong'ona. Maneno ya wanazuoni yameizungumzia kungumanga, kwa sababu ikiliwa nyingi inalevya. Hata ndani ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Pwani, hawakukubaliana: Ibn Hajar al-Haytami wa karne ya 16 aliihesabu pamoja na vilevi na kuiharamisha, naye Shihabuddin al-Ramli, alipoulizwa, akajibu kwamba kidogo yafaa na kingi ni haramu. Wapishi wengi wa mji huu wanaenda na hilo la pili. Wewe muulize ustadhi unayemwamini, sisi ni wauza viungo.

Jambo moja la kidunia: ukienda Umra au Hija usifungashe kungumanga kwenye begi. Saudi Arabia inaizuia kuingia, na haitakuwa raha kumweleza afisa wa forodha habari za halua.

Ni kweli inalevya? Vijana wanasema.

Ni kweli, na hakuna raha ndani yake. Kungumanga na basibasi zote zina miristisini na mafuta mengine ya jamii hiyo. Kwa kipimo cha jikoni, yaani chembechembe zinazogawanywa kwa watu kumi, hakuna neno. Lakini kungumanga moja nzima, au vijiko vya chai viwili vitatu vya unga kwa mtu mmoja, ni sumu. Haianzi mara moja, na hapo ndipo wengi hujidanganya: hupita saa 3 hadi 6 bila dalili, mtu akaongeza. Kisha mdomo unakauka, moyo unakwenda mbio, kichefuchefu, kizunguzungu, kuchanganyikiwa na hofu, na hali hiyo inaweza kumaliza siku nzima na zaidi. Mtu akifikia hapo mpelekeni hospitali na mseme ukweli amekula nini. Daktari hatashangaa, na atapoteza muda mchache zaidi akijua.

Nina mimba. Nile?

Biriani ya arusi kula. Usinywe dawa yoyote ya kungumanga au basibasi unayopewa kwa vijiko, na usitumie mafuta yake. Ukiwa na shaka, muulize mkunga kliniki.

Mama mkwe anataka nimsugulie mtoto kungumanga kwenye jiwe alale. Nifanye?

Dadangu, usifanye. Najua ni desturi ya nyumba nyingi na wazee wametulea nayo, na najua si rahisi kumkatalia mama mkwe. Lakini mtoto mchanga ni mdogo sana, na kipimo cha kusugua hakuna anayekijua. Leo mara mbili, kesho mkono ukawa mzito. Anayelia usiku kucha ana sababu. Mpeleke kliniki, na mama mkwe mwende naye, ataridhika akiyasikia kwa daktari.

Inaongeza nguvu za ndoa?

Watembezaji wa wageni kwenye mashamba ya viungo Unguja hawaachi kulisimulia hili, kwamba wanawake huitia kwenye uji kabla ya ngoma za harusi ili aibu iwaondoke. Wageni hucheka wakanunua pakiti tatu. Kama kitia moyo cha desturi, kijiko kwenye chungu kizima cha uji hakimdhuru mtu. Kama dawa, hatuiuzi kwa jina hilo, na anayekuuzia kwa jina hilo muulize kipimo uone atajibu nini.

Ilifikaje Mombasa?

Kwa majahazi, na kwa safari ndefu kuliko ya karafuu. Mkungumanga asili yake ni visiwa vidogo vya Banda, Maluku, ambavyo leo ni Indonesia. Kwa karne nyingi dunia nzima ilipata kungumanga na basibasi kutoka huko tu. Zilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kimalay, Kihindi na Kiarabu, na kila bandari ikaongeza faida yake, hivyo anayenunua mwisho hakujua zilimeaje. Kwetu zilikuja na kaskazi, pamoja na nguo na mitungi.

Wareno walitaka kumpata muuzaji wa kwanza. Vasco da Gama alifika hapa Mombasa Aprili 1498, hakupokewa alivyotaka, akaendelea Malindi alikopewa rubani wa kumvusha hadi India. Mwaka 1512 meli zao zilifika Banda. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, inayosimama hatua chache kutoka duka hili, ilijengwa kulinda njia hiyo hiyo ya bahari. Huwa nawaambia watoto wa shule wanaopita hapa wakitoka kuitembelea: mizinga ile ilikuwa inalinda viungo.

Waholanzi walikuja baadaye na walikuwa wabaya zaidi. Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen aliingia Banda na jeshi la kampuni yao ya biashara, kwa sababu wenyeji waliendelea kuwauzia wengine. Inakadiriwa visiwa vilikuwa na watu 15,000. Wakabaki kama 1,000. Wengine waliuawa, walikimbia au walifanywa watumwa, na mashamba yakagawiwa Waholanzi, yakalimwa na watumwa walioletwa kutoka kwingine. Kisiwa kimoja kidogo, Run, kilidaiwa na Waingereza, na kwa mkataba wa Breda wa mwaka 1667 Waholanzi wakabaki nacho, nao Waingereza wakabaki na Manhattan, ambako leo ni New York. Wakati ule Waholanzi hawakudhani wamepunjwa.

Ukiritimba ulivunjwa na mwizi. Mfaransa Pierre Poivre alipanga miche ya mkungumanga itoroshwe, na kufikia mwaka 1770 ilikuwa imefika Mauritius. Waingereza nao walipoiteka Banda wakati wa vita vya Napoleon waliisambaza miche kwenye makoloni yao. Grenada ilipata yake mwaka 1843 na ikaipenda kiasi cha kuitia kungumanga kwenye bendera ya taifa. Kimbunga Ivan cha mwaka 2004 kiliangusha sehemu kubwa ya miti yao, na mkungumanga hauoti upya kwa msimu mmoja. Unguja na Pemba mikungumanga ipo, katikati ya mikarafuu.

Naweza kupanda mkungumanga kwangu Nyali, au Kisauni?

Nisikukatishe tamaa, lakini mti huu unataka mvua nyingi karibu mwaka mzima, udongo wenye kina usiosimamisha maji, na kivuli ukiwa mchanga. Upepo wa bahari wenye chumvi unauchoma. Huku kwetu kiangazi kinauonea. Tena miti yake ni dume na jike, na huwezi kujua una upi mpaka utoe maua, baada ya miaka mitano au zaidi. Unaweza kulea dume miaka minane ukalisalimia kila asubuhi.

Kungumanga ya dukani haioti. Ishakauka. Mbegu ya kupanda lazima itoke kwenye tunda bichi, ipandwe upesi. Ukitaka kuuona mti, panda boti uende Pemba.

Nyama ya tunda huliwa?

Huko kwao, ndiyo. Indonesia huifanya tamutamu kwa sukari, Penang huikamua juisi, Grenada huipika jemu. Mbichi ni chachu na kali. Huku hatuioni sokoni.

Nikileta viungo vyangu mtanisagia?

Tutakusagia, ila njoo asubuhi kabla ya saa nne, foleni ya mashine ikianza hatuwezi kuisimamisha. Basibasi yako usiisage mwanzo na zingine. Tuambie tuitie mwisho. Siku ya Ijumaa tunafunga mapema kwa swala. Na chupa leta yako, kavu.